Hofu ya Mashine Kubwa

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Siku hizi habari hiyo husimuliwa kama kichekesho, na vijana wakiisikia hushika mbavu. Mimi siicheki. Mpango wa kuweka hesabu za Serikali kwenye mashine ulikuwa umevurugika, hata ikabidi kazi irudishwe mikononi mwa makarani. Na fedha za kigeni zilikuwa zikikauka kwa ajili ya bei ya mafuta na ukame. Isitoshe, kompyuta ya siku zile haikuwa kitu cha mtu kumiliki. Ilijaza chumba, ilidai kiyoyozi, na mafundi wake na vipuri vyake vilitoka ng'ambo. Nchi iliyotangaza kujitegemea mwaka 1967 ilikuwa na haki ya kuitilia shaka.

Wala shaka hiyo haikuwa ya Dar es Salaam peke yake. Katika California kwenyewe, vijana walikuwa wameiona mashine hiyo kwa jicho baya miaka kumi kabla. Mwaka 1964, wanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley walipogombea uhuru wa kuzungumza siasa chuoni, baadhi yao walijivika kadi za kompyuta zilizotobolewa. Kadi za namna hiyo zilikuwa na onyo kwamba zisikunjwe. Wao wakaligeuza onyo liwe dai lao, kwamba mwanafunzi naye asikunjwe. Kompyuta kwao ilikuwa sura ya ofisi kubwa, ya jeshi, na baadaye ya vita vya Vietnam.

Miongoni mwa mamia waliokamatwa Desemba mwaka ule alikuwamo Lee Felsenstein, mwanafunzi wa uhandisi. Huyu hakuishia kuichukia mashine. Mwaka 1973 yeye na wenzake waliweka kituo cha taipu katika duka moja la sahani za santuri pale Berkeley, kikiunganishwa kwa simu na kompyuta kubwa iliyokuwa San Francisco. Mpita njia yeyote aliweza kuandika haja yake: huyu anatafuta mpiga gitaa, yule anatafuta lifti. Kwangu mimi tukio hili dogo linazidi uzito hadithi zote za matajiri wa kompyuta tunazolishwa.

Kisha mambo yakaenda mbio. Januari 1975 gazeti la mafundi wa redio lilitangaza Altair 8800, kompyuta ya kujiundia nyumbani kwa karibu dola 400. Haikuwa na kioo wala kibodi. Ulibonyeza swichi, taa zikakujibu. Machi mwaka huohuo wapenzi wa vyombo hivyo walikutana katika gereji moja huko Menlo Park wakaanzisha klabu, na Felsenstein akawa mwongoza mikutano. Aprili Saigon ikaanguka. Waliokuwa wakipinga vita sasa walikuwa wakibadilishana michoro na programu, bure, kama majirani wanavyoombana chumvi.

Lakini tusiwapake mafuta kupita kiasi. Saketi ndogo zilizowawezesha zilikuwa zimekuzwa na fedha za makombora ya Minuteman na safari za mwezini. Jeshi ndilo lililozinunua zilipokuwa bado ghali. Na ule ukarimu wa chumvi haukudumu. Februari 1976 Bill Gates, akiwa na umri wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi akilalamika kwamba wanaiba programu yake. Mwaka 1981 IBM, kampuni ileile ya makadi, ikatoa kompyuta yake ya mezani.

Hapo ndipo ninapoihurumia amri yetu. Ilitolewa miezi michache tu kabla ya Altair, ikitazama tembo, panya naye akazuiwa mlango uleule. Kule California kijana aliyeiogopa mashine ya ofisi kubwa aliweza kununua vipande dukani akaunda yake. Kwetu aliyehitaji hata ile ndogo ilimbidi kwanza aombe ruhusa Serikalini, yaani kwa ofisi kubwa kuliko zote. Televisheni nayo ilikuwa na kisa kama hicho: Zanzibar waliitazama tangu 1973, Bara tukasubiri hadi 1994.