Akiba Haiozi: Historia ya Nguo za Sandukuni katika Pwani ya Cabo Delgado

Utangulizi

Wahenga walisema akiba haiozi. Katika pwani ya kaskazini ya Msumbiji, kuanzia Palma karibu na mpaka wa Mto Ruvuma, kupitia Mocímboa da Praia hadi kisiwa cha Ibo, msemo huu unaeleweka vizuri kwa yeyote aliyewahi kufunguliwa sanduku la nguo la mama mtu mzima. Ndani yake hupangwa kapulana, yaani vitambaa vya pamba vyenye nakshi ambavyo ni ndugu wa kanga na kitenge. Vingine havijavaliwa hata mara moja. Siku ya haja ikifika, kimoja hutolewa, hupimwa, hukatwa na kushonwa gauni, na mabaki yake huwa foronya au mfuko.

Historia ya nguo katika Afrika Mashariki huelezwa mara nyingi kwa kufuata meli: nguo za Gujarati, kisha merikani, kisha kanga. Katika masimulizi hayo mtu wa pwani huonekana kama mnunuzi tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Wamwani na majirani zao wana historia ndefu zaidi. Pwani yao ilifuma kabla ya kununua, na hata ufumaji ulipokufa, kazi ya kuamua nguo ikatwe vipi na ishonwe nini ilibaki mikononi mwao.

Enzi ya kufuma

Kaskazini ya Ruvuma, wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Kilwa walipata vigurudumu vingi vya kusokotea uzi, vingine vikiwa vimechongwa kutokana na vigae vya vyungu vilivyovunjika. Huu ni ushahidi kwamba pamba ilisokotwa katika miji ya Waswahili karne nyingi kabla ya Wareno kufika.

Katika visiwa vya Quirimba kazi hii ilifikia kiwango cha juu. Wareno wa karne ya 16 waliviita visiwa hivyo Maluane, na jina hilohilo likatumika kwa nguo iliyofumwa huko kwa pamba na hariri na kutiwa rangi ya nili. Padri Mdominiko João dos Santos, ambaye aliishi Quirimba katika miaka ya 1590 na ambaye kitabu chake Ethiopia Oriental kilichapishwa Évora mwaka 1609, ni miongoni mwa wanaotupatia habari za visiwa hivi na watu wake.

Tukishuka kusini zaidi hadi Sofala, tunakuta mfano unaohusu moja kwa moja mada yetu. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika takribani mwaka 1516, alieleza kwamba wafumaji wa huko walikuwa na pamba nyeupe lakini hawakuwa na rangi. Kwa hiyo walichukua nguo za buluu zilizotoka Cambay, India, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Kwa maneno mengine, nguo ya kigeni ilikuwa malighafi kwao. Aliyeinunua hakujiona amefungwa kuivaa kama ilivyokuja.

Ufumaji huu ulififia kwa sababu zaidi ya moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1520 Wareno, wakishirikiana na watu wa Unguja na Pemba, waliuvamia mji wa Quirimba na kuuchoma. Aidha, nguo za India zilizidi kuingia kwa wingi na kwa bei ambayo mfumaji wa kitanda cha mkono hakuweza kushindana nayo. Nguo ya Maluane ikatoweka sokoni, na leo imebaki katika maandishi.

Nguo kama fedha

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 wafanyabiashara Wahindi wa Diu walishika sehemu kubwa ya biashara ya nguo katika pwani ya Msumbiji. Nguo hizo zilinunulia pembe za ndovu, na kwa masikitiko makubwa, zilinunulia watu pia. Ibo ilikuwa mojawapo ya bandari kuu za biashara ya watumwa katika karne ya 18 na 19. Hatuwezi basi kuisifu akiba ya nguo bila kukumbuka kwamba kulikuwa na wakati ambapo thamani ya binadamu ilihesabiwa kwa majora ya kitambaa.

Lugha yetu imehifadhi vipimo vya biashara hiyo. Doti, jora na shuka yalikuwa maneno ya hesabu kabla ya kuwa maneno ya mavazi. Merikani ni jina linalotukumbusha vitambaa vya viwanda vya Marekani vilivyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoivuruga biashara hiyo, wauzaji wengine, wakiwemo wa Uingereza na India, waliziba pengo, lakini jina halikubadilika.

Neno leso nalo limetokana na Kireno lenço, yaani kitambaa cha mkono au cha kichwa. Masimulizi mashuhuri ya pwani yanasema kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake walinunua leso zilizokuwa bado hazijakatwa, wakaunga vipande sita, vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi moja pana. Baadaye wafanyabiashara waliagiza vitambaa vilivyochapwa vizima kwa mfano huo. Ni dhahiri basi kwamba kiwanda kilifuata sindano.

Pamba ya shuruti

Katika karne ya 20 mambo yaligeuka kwa namna ya uchungu. Kuanzia mwaka 1938 serikali ya Ureno iliimarisha mfumo wa kuwalazimisha wakulima wa Msumbiji, hasa wa mikoa ya kaskazini, kulima pamba na kuiuza kwa bei ndogo kwa makampuni yaliyopewa maeneo maalumu. Pamba ilipelekwa kulisha viwanda vya Ureno. Mashamba ya chakula yalipuuzwa, njaa ikaingia, na wengi wa Cabo Delgado walivuka Ruvuma kwenda Tanganyika. Ulazima huo ulifutwa kisheria mwaka 1961. Kwa zaidi ya miaka 20, basi, mwanamke wa kaskazini aliweza kupanda pamba, kuipalilia na kuichuma, kisha akakosa fedha ya kununua nguo.

Baada ya uhuru wa mwaka 1975, vita vya ndani vya 1977 hadi 1992 vilileta uhaba mwingine. Mitumba ikaingia na kupewa jina la kalamidade, yaani nguo za maafa, kwa kuwa zilianza kufika kama misaada. Hapo tena mafundi walizifumua, wakazipunguza na kuziunga upya, kama walivyofanya wafumaji wa Sofala.

Kukata au kutokata

Gauni rahisi la nyumbani halihitaji ruwaza ya karatasi. Kitambaa hukunjwa mara mbili, mkunjo ukawa mabega, shingo ikakatwa nusu duara, kisha pande mbili zikashonwa na kuachiwa nafasi ya mikono. Kama nguo ina pindo, fundi huigeuza ili pindo liangukie chini na kuokoa kazi ya kukunja ukingo. Vipande vinavyobaki huunganishwa kuwa mto au mfuko wa sokoni.

Ugumu uko kwingine. Kapulana nzima inaweza kuvaliwa kiunoni, kubebea mtoto, kufunika mgonjwa, kuazimwa jirani, kutolewa zawadi ya harusi au kuuzwa wakati wa dhiki. Ikishakatwa, inakuwa ya mwili mmoja. Ndiyo maana mama hufikiri sana kabla ya kutoa mkasi, na ndiyo maana sanduku linakuwa pia kumbukumbu: hii ya ndoa, hii ya msiba, hii ya sare ya kikundi cha ngoma ya tufo.

Kumbukumbu hiyo imepata pigo kubwa katika miaka ya karibuni. Kimbunga Kenneth kiliipiga Ibo na maeneo jirani mwezi Aprili 2019. Kabla ya hapo, tarehe 5 Oktoba 2017, mashambulizi ya Mocímboa da Praia yalifungua vita ambavyo vimewahamisha mamia ya maelfu ya watu. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Anayekimbia kwa mashua usiku hawezi kubeba sanduku. Hubeba furushi, na furushi lenyewe hufungwa kwa kapulana.

Hitimisho

Tumeona kwamba akiba ya nguo katika pwani hii imebeba ustadi, fedha, dhuluma na kumbukumbu kwa pamoja. Kwetu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili, somo liko karibu. Masanduku yaliyopotea hayatarudi, lakini wenye kuyakumbuka wapo, wengine wakiwa wakimbizi katika mji wa Pemba wa Msumbiji na wengine kwa jamaa zao kusini ya Tanzania. Majina ya nguo, ya mishono na ya vipimo katika Kimwani na Kiswahili cha kusini bado yamo vinywani mwao. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti anaweza kuanza kwa swali moja la heshima kwa bibi: kapulana ipi hukuwahi kuikata, na kwa nini?