Boriti za Rufiji na Hesabu Zipendanazo

Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni na Ajemi yalikuja na kaskazi, yakaingia katika mito ya delta ya Rufiji, ambayo leo imo wilayani Kibiti, kutafuta boriti za mikoko. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alifika huko katika jahazi la Kuwait, akaona boriti zikipakiwa. Boriti zilihesabiwa kwa korija, nayo korija ni ishirini.

Ishirini ina manufaa yake. Washirika wawili, wanne, watano au kumi hugawana korija pasipo kukata hata boriti moja. Chukua hesabu zote zilizo chini ya ishirini zinazoigawa bila baki: 1, 2, 4, 5 na 10. Zijumlishe, utapata 22, jumla inayozidi ishirini yenyewe. Hesabu ya namna hii wataalamu waliiita kwa Kiarabu zaid. Kumi ni naqis, kwani 1, 2 na 5 ni 8 tu. Ishirini na nane ni tamm: 1, 2, 4, 7 na 14 hutimia 28 barabara. Na sisi tunasema zaidi, nakisi na timamu kila siku bila kujua kuwa tunazungumza lugha ya wanahisabati.

Mafungu hayo matatu yaliasisiwa na Wayunani. Aliyeyaendeleza Baghdad ni Thabit bin Qurra, aliyefariki mwaka 901. Tuseme haki: yeye hakuwa Muislamu, alikuwa Msabii wa Harran. Waislamu walisoma kwake bila kinyongo. Thabit alitunga kanuni ya kutafutia hesabu mbili zipendanazo, yaani kila moja ni jumla ya vigawanyo vya mwenziwe.

Kwa kanuni hiyo Ibn al-Banna wa Marrakesh, aliyefariki mwaka 1321, na Kamal al-Din al-Farisi wa zama zake, waliijua 17296. Kama ingekuwa shehena ya boriti, ingekuwa korija 864 na boriti 16. Jumla ya vigawanyo vyake ni 18416, basi ni zaid. Mwenziwe 18416 ni naqis, kwani vigawanyo vyake vyatoa 17296. Ziada ya mmoja ni 1120, na upungufu wa mwingine ni 1120 vile vile: korija 56 kamili. Alichozidi huyu ndicho alichopungukiwa yule.

Mwaka 1636 Mfaransa Fermat aliwafikia wawili hao kwa juhudi yake, na kwa muda mrefu Ulaya ilimhesabia yeye kuwa wa kwanza. Hatumlaumu. Lawama ni kwa wenye vitabu walioviacha vikaliwa na mchwa. Elimu isiyosomeshwa humpotea mwenyewe, hata kama aliitangulia.

Wala mlango haukufungwa. Mwaka 1866 kijana wa Italia wa miaka kumi na sita, Paganini, alivumbua 1184 na 1210, hesabu ndogo kuliko zile, ambazo mabingwa wote walikuwa wamezipita bila kuziona.

Basi, mzazi wa Nyamisati, Salale au Kibiti mjini, mwanao akikaa kupanga vijiti vyake ishirini ishirini na kukuuliza vinagawika vipi, usimwambie aache mchezo. Kaa naye, mhesabu pamoja.