Wati si mwanga

Leo naweka programu kando, tuongee kuhusu balbu.

Mwezi uliopita nilimpelekea Mama balbu ya LED ya sebuleni. Boksi lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa "7W = 60W", nami nikaona nimepata. Siku ya pili akanipigia simu: "Mwanangu, hii taa yako inaonyesha ukuta tu. Hata mawe kwenye maharagwe siyaoni." Nikamwambia aende apimwe macho. (Nimeshaomba msamaha.)

Baadaye nikaanza kujiuliza: hivi kwa nini tunanunua mwanga kwa wati? Wati ni kipimo cha stima inayoingia, si cha mwanga unaotoka. Kumbe zamani haikuwa hivyo.

Thomas Edison alipowasha kituo chake cha Pearl Street, New York, mnamo Septemba 1882, watu mjini walikuwa wamezoea taa za gesi. Wati haikuwaambia kitu. Basi balbu zikapimwa kwa mishumaa, na ya kawaida ilikuwa ya mishumaa 16, sawa na taa moja ya gesi. Na mshumaa wenyewe haukuwa wowote tu wa dukani. Sheria ya gesi ya London ya mwaka 1860 iliueleza kabisa: utengenezwe kwa nta ya nyangumi, sita ziwe ratili moja, na kila mmoja uungue karibu gramu 8 kwa saa. Yaani taa ya mjini ilipimwa kwa mnyama wa baharini!

Mwaka 1894 Mfaransa André Blondel akapendekeza lumeni, kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa bila kujali umeelekea upande gani. Mshumaa mmoja unaomulika pande zote sawasawa hutoa takriban lumeni 12.6, kwa hiyo balbu ya mishumaa 16 ilikuwa na kama lumeni 200. Waya wake wa kaboni ulitoa lumeni 3 hivi kwa kila wati. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa joto.

Mambo yalibadilika ilipokuja tangsteni. Karibu na mwaka 1910, William Coolidge wa General Electric aligundua jinsi ya kuivuta iwe waya mwembamba usiovunjika ovyo. Baada ya muda balbu za viwanda vyote zikawa na waya wa aina moja ndani, na ukijua wati umejua mwanga. Mishumaa ikatoweka kwenye maboksi, zikabaki 40, 60, 100.

Mwaka 1924 makampuni makubwa, Osram na Philips yakiwemo, yalikutana Geneva yakaunda umoja ulioitwa Phoebus. Yalikubaliana balbu idumu saa 1,000, na mwanachama ambaye balbu zake zilipitisha muda huo alitozwa faini. Watu huwalaani kwa hilo, na mimi naamini walitaka pesa. Lakini waya wa tangsteni usipochemka sana hudumu zaidi na hutoa mwanga kidogo kwa wati zilezile. Kubana umri kulifanya pia wati 60 za kampuni moja zifanane na za nyingine, na sisi tukazidi kuzoea kwamba wati ndiyo mwanga.

Kisha zikaja balbu za kuokoa stima, halafu LED, na mazoea yakawa mtego. Wanaojua kompyuta za zamani wanakumbuka kitu kama hiki. Prosesa zilinunuliwa kwa megahezi, mpaka mwaka 2001 AMD wakatoa Athlon XP 1800+ iliyokimbia megahezi 1,533 tu. Ile 1800 ilikuwa jina. Wanunuzi waliilinganisha na Pentium 4, na kwa kazi nyingi haikuwaangusha. Lakini "7W = 60W" ni namba ya namna hiyohiyo: ahadi ya muuzaji. Umoja wa Ulaya uliona tatizo hilo, na tangu Septemba 2010 lumeni lazima ziandikwe kubwa kuliko wati. Pia LED haiwezi kudai ni sawa na wati 60 ikiwa haifikii lumeni 806. Kwa wati 40 ni 470, kwa 100 ni 1,521.

Nilipoenda nyumbani niliomba boksi la ile balbu. Mama hatupi boksi. Nyuma, kwa herufi za kuhitaji miwani, imeandikwa 470 lm. Nilikuwa nimemnunulia balbu ya wati 40, yeye akidhani macho yanakwisha.

Wati bado zina kazi yake, maana ndizo zinazokula tokeni. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila siku hula yuniti 9 kwa siku 30. LED ya wati 9 hula 1.35. Hesabu hiyo hata Mama anaijua, ndiyo maana alikubali LED tangu mwanzo.

Safari hii nilianza na lumeni. Nikazungusha maboksi yote ya dukani, muuzaji akinitazama kama mwizi, nikachukua ya wati 9, lumeni 810. Mama aliwasha, akachukua ungo wa maharagwe, akakaa chini. Baada ya dakika kadhaa akauliza, "Na ya jikoni utaleta lini?"