Msondo si Djembe

Nilikuwa gatini upande wa Bweni, ng'ambo ya mji wetu wa Pangani, nasubiri kivuko, mpwa wangu akanisogezea simu. "Mjomba, hebu tazama hii. Iko mnadani huko Ulaya."

Picha ilionyesha ngoma ndefu, nyembamba, imesimamishwa mbele ya ukuta mweupe. Chini yake wameandika kuwa ni djembe, kazi ya Wamasai, imetoka Pangani, Kenya. Nikamwambia aikuze picha pale kwenye ngozi.

Ngozi ilishikwa kwa vigingi vya mti, vimezunguka shingo yote. Hapo hapo udjembe ukaisha. Djembe ni ngoma ya Afrika Magharibi, ina kiuno kama kinu, na ngozi yake huvutwa kwa kamba. Ngoma nyingi za Buganda nazo zina kanda za ngozi kutoka juu mpaka chini. Huu ulikuwa msondo, na msondo wa kwetu huwambwa kwa vigingi. Wamasai ndio kabisa hawamo: jadi yao ni kuimba kwa koo na kuruka, hawana ngoma ya kupiga.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mwamba ngoma, na alinifundisha kutazama mdomo wa ngoma kabla ya nakshi. Ngoma iliyotumika imekangwa. Jioni ikipoa na umande ukishuka, ngozi hulegea na sauti hufa, basi huwashwa makuti na ngoma ikalazwa karibu na moto mpaka ngozi ikaze. Miaka ikipita, mdomo hushika weusi, tena si sawasawa. Upande mmoja huungua zaidi. Mpigaji naye huufunga msondo kiunoni, mshipi ukala mti mahali pale pale. Katika picha ile niliviona vyote viwili: weusi wa upande mmoja, na mfuo wa mshipi chini kidogo ya shingo. Ngoma ya kuuzia watalii hupakwa rangi ya viatu mwili mzima, weusi wake ni mmoja kuanzia juu hadi chini.

Kuhusu hiyo "Pangani, Kenya", Nairobi kweli kuna mtaa wa Pangani, na nadhani muuzaji alichanganya hapo. Lakini hata angeandika Pangani yetu, nisingeridhika haraka. Kabla ya reli, mji huu ulikuwa mlango wa misafara ya pembe iendayo Usambara, Upare, Kilimanjaro na nyika ya Wamasai. Baadaye reli ya Wajerumani ikatoka Tanga, ikafika Moshi mwaka 1911, na mizigo ya bara ikahamia huko. Mzungu aliyenunua ngoma Upare akaisafirisha kutoka pwani angeweza kuandika jina la bandari tu. Kibandiko kinataja mahali mzigo ulipopakiwa. Aliyeichonga ni wa wapi, mti na ngozi ndivyo vya kuulizwa.

Kosa jingine huniuma zaidi, kwa sababu linatunyang'anya kilicho chetu. Tangu miaka ya 1890 ngoma ya Beni ilienea mwambao huu, na Tanga kukawa na Marini na Arinoti, vyama vilivyoshindana kwa mavazi, vyeo na gwaride. Ngoma zao kubwa zilifuata umbo la zile za bendi ya askari, zenye ngozi pande mbili. Leo ngoma ya namna hiyo ikionekana mnadani, mtu huona umbo akaandika "ya jeshi la Kijerumani", na waliocheza nayo harusini wakafutika.

Jina ni jambo zito. Wapokomo wa mto Tana walinyang'anywa Ngadji, ngoma yao takatifu, na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902. Mwaka 1908 ikaingia British Museum, na imo ghalani mpaka leo. Wazee wao wameidai kwa jina lake. Ingeandikwa "ngoma ya Kiafrika" tu, wangeanzia wapi kuitafuta?

Basi usiku ule mpwa wangu aliniandikia ujumbe kwa Kiingereza, mimi nikimtajia. Tulimweleza muuzaji habari za vigingi, moto na mshipi, tukamwomba apige picha ya ndani ya ngoma. Siku ya tatu akaileta. Alikuwa ameshabadilisha maneno, ameandika msondo, pwani ya Tanzania.

Tuliikuza picha mpaka ikaanza kupasuka. Ndani, alama za tezo zilitoka juu na nyingine zikatoka chini, zikakutana katikati, na pale zilipokutana fundi aliacha ukingo mdogo ambao mkono wake haukuufikia.