Kamaruddin: tunda la jua kwenye futari ya mwezi

Anayerudi kutoka Maskati au Dubai siku za karibu na Ramadhani, mara nyingi sandukuni mwake mna tende, mna halua, na mna pakiti bapa ya rangi ya chungwa iliyofungwa kwa nailoni inayong'aa. Tende na halua hazihitaji kutambulishwa. Ile pakiti ndiyo inayozua maswali jikoni. Ukiifungua unakuta kitu mfano wa karatasi nene, laini, kimekunjwa mara kadhaa, kinanata kidogo vidoleni na kinanukia tunda. Watoto hukichana wakakitafuna papo hapo. Anayekijua huwanyang'anya kilichobaki, akakikatakata, akakiloweka usiku kucha, na kesho yake magharibi mezani pana jagi la kinywaji kizito chenye rangi ya machweo.

Jina lake ni kamaruddin. Kwetu hilo ni jina la mtu. Huenda unaye jirani anayeitwa hivyo. Kwa Kiarabu ni "mwezi wa dini", na qamar hiyo ndiyo inayotajwa pia kuwa asili ya jina la Komoro. Tunda lenyewe ni aprikoti, ambalo Waarabu huliita mishmish: dogo, la manjano inayoelekea chungwa, lenye kokwa moja katikati. Limepondwa, likachujwa, likatandazwa na kuanikwa mpaka likawa karatasi.

Wako wanaosema jina limetokana na mtengenezaji wa kwanza, wako wanaolihusisha na kijiji cha huko Shamu, yaani Syria na jirani zake, na wako wanaosema ni kwa sababu karatasi hizi hujaa sokoni mwezi wa Ramadhani unapoandama. Visa hivyo vyote vina ladha yake. Lakini ukiitazama historia ya karatasi hii kwa makini, utaona ni historia ya kalenda mbili zisizopatana, na ya watu waliokataa kukosa tunda kwa sababu hiyo.

Msimu wa kufumba na kufumbua

Kuizunguka Damascus kuna ukanda wa bustani uitwao Ghouta, unaonyweshwa na mto Barada. Miaka mingi ukanda huo ndio uliosifika kwa aprikoti. Miti huchanua karibu na Machi, na matunda huiva Mei na Juni. Yakianza kuiva, huiva kwa mkupuo, na hayangoji mtu: siku chache tu yamelainika na kuvunda.

Wamisri wamelitilia tunda hili msemo. Mtu akiahidi jambo lisiloelekea kutimia, hujibiwa "fil mishmish", yaani subiri msimu wa aprikoti. Sisi tungemwambia asubiri punda aote pembe. Tofauti ni kwamba punda haoti pembe abadan, ilhali aprikoti huiva kila mwaka. Msimu unakuja kweli, ila ukigeuka kumwita mwenzako, umekwisha.

Upande wa pili ipo Ramadhani. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo mfungo husogea nyuma kila mwaka na kuzunguka misimu yote katika miaka ipatayo 33. Mwaka 2016 Ramadhani ilianza mapema Juni, aprikoti zikiwa bado mitini. Bahati hiyo haiji mara nyingi. Katika sehemu kubwa ya mzunguko huo, Mdamascus akiadhiniwa magharibi hana aprikoti mbichi ya kufuturia.

Mswahili hahitaji kuelezwa sana hapo. Ramadhani tunaifuata kwa mwezi, lakini watu wa Makunduchi, Unguja, wakiadhimisha sherehe yao ya Mwaka Kogwa kila Julai wanafuata hesabu ya jua. Tumeishi na kalenda mbili tangu zama. Watu wa Shamu nao walikuwa nazo, wakaziunganisha kwa karatasi: tunda linakamatwa Juni, linawekwa, linangoja mwezi uandame siku yoyote utakayoandama.

Shahidi aliyepita pwani yetu

Jina kamaruddin ni la kale, na mmoja wa walioliandika ni mtu tunayemfahamu. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier ambaye inakubalika kwa kawaida kuwa alifika Kilwa mwaka 1331, aliliona huko Antalya, kusini mwa Uturuki ya leo. Anaeleza kwamba mji huo ulikuwa na aprikoti nzuri ajabu zilizoitwa Qamar al-Din, zenye kiini kitamu kama lozi ndani ya kokwa, na kwamba zilikaushwa na kupelekwa Misri, ambako zilihesabiwa kuwa kitu cha anasa.

Maneno hayo machache yanatufundisha mambo mawili. Kwanza, zama hizo jina lilikuwa la tunda lenyewe, karatasi ililirithi. Pili, biashara ya kulikausha na kulipeleka Misri ilikuwa imeshasimama katika karne ya 14, na Misri mpaka leo ni miongoni mwa nchi zinazoipenda mno kamaruddin.

Msafiri huyohuyo alipokuwa Mogadishu aliandaliwa meza nyingine. Aliletewa wali wa samli na vitoweo, na pembeni achari ya malimau, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Kwa hiyo katika kitabu kimoja, kilichoandikwa kwa imla yake na kukamilika mwaka 1355, tunaona pande mbili za dunia zikipambana na adui mmoja, yaani kuoza. Mashariki ya Bahari ya Kati walikausha. Pwani ya Afrika tuliloweka kwa chumvi na ndimu. Tofauti hiyo ina maana, na tutairudia.

Ubao, mafuta na jua

Utengenezaji wake ni mwepesi kuueleza, mgumu kuupatia. Aprikoti zilizoiva sawasawa hutolewa kokwa, zikapondwa na kuchujwa mpaka ukabaki uji laini usio na nyuzi. Wengi huongeza sukari. Uji humiminwa juu ya mbao ndefu zilizopakwa mafuta ya zeituni ili usigande, ukasawazishwa, mbao zikapangwa juani. Siku kadhaa za jua kali na hewa kavu hutosha. Karatasi hubanduliwa taratibu kama ngozi, ikakunjwa na kufungwa.

Siri imo ndani ya tunda. Aprikoti ina pektini, ile nguvu ya asili inayogandisha jamu, na ndiyo inayoufanya uji uliokauka ushikamane badala ya kupasukapasuka. Maji yakishatoka, sukari na uchachu vinavyobaki havimpi kuvu wala bakteria nafasi ya kustawi.

Ile rangi ya chungwa inayowaka huwa haitokani na jua peke yake. Aprikoti ikianikwa bila kitu huishia hudhurungi. Viwanda vingi huitia dioksaidi ya salfa ili ibaki ang'avu, na kwenye pakiti huandikwa E220. Mwenye pumu aisome pakiti kabla ya kunywa, kwani salfa huweza kumbana kifua. Ukiikuta iliyofifia na kuwa nyeusi kidogo, usiidharau; huenda ndiyo haikutiwa kitu.

Ndugu wa mbali

Kamaruddin si mkiwa. Wairani wana lavashak, kali ya kukunja uso. Wageorgia hukausha plamu za porini zenye uchachu, wakaziita tklapi, na badala ya kuzila kama peremende huziyeyusha ndani ya mchuzi wa nyama uitwao kharcho. Waturuki wana pestil ya forosadi na zabibu. Wahindi wana aam papad ya maembe, ambayo Wabengali huiita amsotto: uji wa embe humiminwa, ukakauka, ukamiminiwa mwingine juu yake, tabaka kwa tabaka, mpaka ukakatwa kama vigae.

Wahamiaji wa Kisyria waliifikisha kamaruddin New York, ambako iliuzwa katika maduka yao ya vyakula. Baadaye kampuni ya General Mills iliingiza madukani kote Marekani, mwaka 1983, peremende yake ya kukunjua iitwayo Fruit Roll-Ups. Mtoto wa Chicago anayeikunjua shuleni anakula mjukuu wa mbao za Damascus bila habari.

Mbao zenyewe zilipata msiba. Vita vya Syria vilianza mwaka 2011, na kuanzia 2013 hadi 2018 Ghouta Mashariki ilizingirwa. Mafuta ya kupikia na kupashia joto yalipokosekana, watu walikata miti ya matunda wakaifanya kuni. Mti wa aprikoti hauoti kwa amri ya kusitisha mapigano. Hudai miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri.

Kutoka pakiti hadi bakuli

Kwa aliyekwisha kuipata pakiti na hajui aifanyie nini, kinywaji ndio mwanzo: katakata, loweka kwa maji ya moto, acha usiku kucha, saga, chuja, tia tone la maji ya maua ya machungwa, weka barafu.

Lakini heshima yake kamili iko kwenye muhallabia, kitindamlo cha maziwa kinachogandishwa kwa wanga. Chukua nusu ya pakiti ya gramu 400, loweka kwa vikombe vitatu vya maji, saga. Koroga vijiko vinne vya unga wa wanga wa mahindi kwa maji baridi, mimina, pika kwa moto mdogo huku ukikoroga mpaka uwe mzito. Onja kabla ya kutia sukari, maana pakiti nyingi zimeshatiwa. Sufuria ya pili pika maziwa na wanga vivyo hivyo, uyatie iliki. Mimina maziwa bilaurini, yakishikana mimina kamaruddin juu, nyunyizia lozi au korosho, tia kwenye friji. Aliyezoea faluda ataifurahia, ila hii ina uchachu unaoukata utamu.

Na maembe yetu?

Sasa turudi kwenye ile tofauti ya Mogadishu. Embe lilitufikia kutoka Bara Hindi, likapandwa pwani, likafuata njia za misafara mpaka Tabora na Ujiji. Tunalijua kwa majina: dodo, bolibo, ngowe. Tumelitia achari, na Mombasa vipande vyake vikavu, vyekundu vya pilipili, huuzwa barabarani kando ya mabuyu. Kulianika karatasi, kama wafanyavyo Wahindi waliotupa tunda lenyewe, hatukukuzoea. Januari maembe hujaa chini ya miti, bei huanguka, inzi hushiba.

Nalo jua tunalo wakati huohuo, kwani kaskazi ndiyo inayovuma. Menya maembe yaliyoiva, saga, chuja nyuzi, kamulia ndimu, pika mpaka uji uwe mzito. Paka sinia mafuta, tandaza unene usiozidi wa penseli, funika kwa wavu dhidi ya inzi, anika juu ya paa au kichanja. Jua likizama liingize ndani, kwani umande wa pwani huharibu kazi ya mchana mzima. Siku mbili tatu, likiacha kunata kidoleni, bandua, kunja na karatasi ya kuokea, hifadhi ndani ya chombo kikavu chenye kifuniko.

Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, mapema Januari na tena mwishoni mwa Desemba, maembe yakiwa mitini. Miaka mingine mwezi hautatungoja. Kwa hiyo embe likianza kudondoka uani kwako, usiliachie inzi: lianike.