Kazi bila dawa ni ulevi

NDUGU msomaji, wako walevi ambao hawajapata kuonja pombe. Mlevi wa aina hii huondoka nyumbani watoto wamelala, akarudi wamelala. Siku ya mapumziko huzunguka uani kama aliyepotelewa na kitu. Akienda msibani, jicho lake liko kwenye saa. Tofauti yake na mlevi wa kilabuni ni kwamba yeye hasemwi, bali husifiwa.

Nakiri kwamba mimi nimekuwa mmoja wao. Niliwahi kwenda Ushirombo kumzika baba yangu mdogo, nikaaga kabla ya matanga kuanuliwa kwa sababu ya kipindi kilichongoja kuhaririwa. Mzee mmoja alinishika mkono akasema: "Mwanangu, sisi tulilima mpaka migongo ikauma, lakini msimu ulikwisha. Hiyo kazi yako inakwisha lini?" Sikuwa na jibu. Swali lile ndilo lililonifanya nitazame nyuma.

Ushirombo ni nchi ya Wasumbwa, majirani wa Wasukuma na Wanyamwezi. Hakuna awezaye kuwaita watu hawa wavivu. Katika karne ya 19 walibeba pembe za ndovu na mizigo mingine mabegani hadi pwani, mwendo wa miezi kadhaa. Lakini wengi walisafiri kiangazi, baada ya mavuno, wakajitahidi kurejea kabla ya mvua za kupandia. Safari ilikuwa na majira yake, na shamba lilikuwa na majira yake.

Kwa upande wa Usukuma, vijana walilima kwa makundi chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Jembe liliinuliwa na kushushwa kwa mlio wa ngoma, na hapo ndipo ulipotokea mchezo wa bugobogobo. Mavuno yalipokwisha, Wagika na Wagalu walishindana kucheza, na umati ulikusanyika kutazama. Ngoma ile haikuwa uvivu. Ilikuwa sehemu ya mwaka, kama palizi.

Mwaka 1891 Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, walifungua misheni Ushirombo. Wakaja na kengele na juma la siku saba, ya saba ikiwa ya mapumziko. Hata yule aliyekuja kuwahimiza watu wafanye kazi alikuja pia na siku ya kuiweka chini.

Kisha ukaja utawala wa kikoloni na kodi yake. Wasukuma na Wanyamwezi wengi walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Huko mtu alipewa kipande cha siku 30 za kazi, na ujira ulitolewa kipande kikijaa. Wengi walichukua zaidi ya mwezi kukijaza, kwani walijiwekea siku za kupumzika katikati. Mabwana mashamba waliita uvivu, ilhali mtu alikuwa akiulinda mwili wake.

Tulipojitawala mwaka 1961 tukaambiwa Uhuru na Kazi, na ilikuwa haki. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisisitiza juhudi, likaeleza kwamba mfanyakazi wa mjini hufanya kazi yapata saa 45 kwa wiki. Lakini likakiri pia kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wote, wakati mwingine hata Jumapili na sikukuu. Hao hawakuwa walevi wa kazi. Walikuwa wameelemewa.

Tofauti hii ni muhimu. Miaka ya 1980 mshahara ulipokuwa hautoshi hata wiki mbili, karani alifuga kuku na mwalimu akauza maandazi. Mama lishe anayeamka saa kumi alfajiri hahitaji mahubiri ya kupumzika, anahitaji kipato kinachotosha. Mlevi wa kazi ni yule ambaye haja imekwisha lakini hawezi kuacha.

Jina la ugonjwa huu lilienezwa na Mmarekani Wayne Oates, mchungaji na mwalimu wa saikolojia, katika kitabu chake cha mwaka 1971. Alijichunguza akaona kwamba kiu yake ya kazi inafanana na kiu ya walevi aliokuwa akiwashauri.

Leo ukanda wetu una dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, mitambo ilianza kunguruma usiku na mchana. Lakini hata pale watu hupokezana kwa zamu, kwani mtambo hauchoki kama binadamu. Mwenye duara lake, mwenye karasha na mwenye duka hawana wa kuwapokea. Na sisi wa ofisini tumetiwa simu mfukoni, hivyo kazi inatufuata hadi kitandani.

Gharama yake inajulikana. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo duniani katika mwaka 2016 pekee.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikukaa kimya. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, mapumziko ni saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ni siku 28 kwa mwaka. Ni wangapi kati yetu wanaojivunia kutokwenda likizo, kana kwamba hiyo ni nishani?

Basi jipime, ndugu msomaji. Je, ukipumzika unajiona mkosaji? Je, watu wa nyumbani wameacha kukungoja mezani? Je, unakimbilia kazini ili usikabili jambo la nyumbani? Ukijibu ndiyo, chagua siku moja ya wiki, zima simu, kaa na watu wako. Mwanzoni utahangaika, kama kila anayeacha ulevi. Vumilia.

Wahenga walisema kazi na dawa. Sisi tumeshika kazi, dawa tumeitupa. Mimi nimekwisharudi Ushirombo, nikakaa siku nne bila haraka. Yule mzee hakuniuliza tena. Alinisogezea kigoda tu.