Kwa nini malori ya dizeli huchomekwa kwenye umeme wakati wa baridi kali

Wasikilizaji wetu wenye ndugu Kanada na kaskazini mwa Marekani wametuuliza swali hili zaidi ya mara moja: kwa nini malori ya huko yanaonekana kwenye picha yakiwa na waya wa umeme mbele, kama simu iliyowekwa chaji? Je, ni malori ya umeme?

Hapana. Ni malori ya dizeli ya kawaida. Waya ule unaingia kwenye hita ya injini, na bila hita hiyo lori lililolala nje usiku wa Januari linaweza lisiwake kabisa asubuhi. Hapa tunaeleza hita hiyo inavyofanya kazi, inavyotumiwa bila hatari, na somo lililomo kwa mwenye trekta au lori katika maeneo yetu ya baridi kama Njombe na Makete.

Baridi inaifanya nini dizeli?

Injini ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni inaibana hewa ndani ya silinda mpaka ibaki kwenye nafasi ndogo sana, mara 15 hadi 20 chini ya ile ya mwanzo. Hewa ikibanwa hivyo hupata joto kali, zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi. Nozeli ikinyunyiza dizeli humo, inawaka yenyewe. Kama umewahi kujaza tairi la baiskeli ukasikia pampu imepata moto, basi umeligusa jambo hilo kwa mkono wako.

Sasa fikiria mji kama Winnipeg, Kanada, ambako usiku wa Januari baridi hufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Mambo matatu hutokea kwa pamoja. Chuma cha injini kilichopoa kinainyang'anya hewa joto lake kabla dizeli haijawaka. Oili inakuwa nzito, kwa hiyo staata inahangaika kuizungusha injini. Na betri, ambayo sasa inatakiwa kufanya kazi kubwa zaidi, hubaki na karibu nusu tu ya nguvu yake.

Hita yenyewe ikoje?

Ni chuma cha kupashia joto, kama kile kilichomo ndani ya birika la umeme. Hupachikwa kwenye tundu ubavuni mwa bloku ya injini, na ncha yake inakaa ndani ya koolanti, yaani maji ya kupoozea injini. Koolanti ikipata joto inapanda, iliyopoa inashuka, na taratibu bloku nzima inapata uvuguvugu. Waya wake hutokezea mbele ya gari, karibu na bampa.

Hita za magari madogo ya dizeli huanzia kama wati 400. Za malori makubwa hufika wati 1,000 hadi 1,500, na nyingine huzidi hapo. Mmoja wa waliozianzisha ni Andrew Freeman, meneja wa ushirika wa umeme vijijini katika jimbo la North Dakota, Marekani, aliyepata hataza ya hita yake mwaka 1949. Ya kwake iliingia mahali pa bolti moja ya silinda hedi.

Namna ya kuitumia

1. Kagua koolanti kwanza. Ikiwa imepungua na hita ikabaki hewani, itaungua. Katika nchi za baridi watu hawatumii maji matupu. Huchanganya nusu maji na nusu dawa ya kuzuia kuganda, kwa sababu maji yakiganda hutanuka na yanaweza kuipasua bloku.

2. Kagua waya. Plagi iwe ya pini tatu, na kebo ya kuongezea iwe nene, iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje. Hita ya wati 1,000 kwenye umeme wa volti 120 wa huko inavuta zaidi ya ampea 8. Kebo nyembamba ya taa itapata moto na inaweza kuyeyuka.

3. Chomeka mapema, ila si usiku kucha. Kwa injini nyingi muda wa saa mbili hadi nne unatosha. Baada ya hapo injini haiongezeki joto kwa kiasi cha maana, lakini umeme unaendelea kuliwa. Anayeondoka saa 12 asubuhi anaweza kutumia swichi ya kujiwasha ikaanza saa 9 usiku: hita ya wati 1,000 itakula uniti 3. Akichomeka tangu saa 2 usiku, atalipa uniti 10 kwa kazi ileile.

4. Chomoa kabla ya kuondoka. Kila mwaka wapo wanaosahau na kuondoka na waya. Madereva wengine huning'iniza kitambaa kwenye usukani kujikumbusha.

5. Ikishawaka, usikanyage mafuta kwa nguvu. Ngoja oili ipande, subiri dakika chache, kisha endesha polepole mpaka injini ishike joto.

Hita hujaribiwa kabla ya baridi kufika. Iliyoungua haipigi kelele. Utaijua asubuhi ile lori likikataa kuwaka, na mzigo unasubiriwa.

Isichoweza kufanya

Hita inapasha injini tu. Tangi linabaki na baridi yake. Dizeli ina nta ndani yake, na baridi kali huigandisha nta hiyo mpaka fulta inaziba. Ndiyo maana vituo vya mafuta vya huko huuza dizeli ya majira ya baridi, na madereva huongeza dawa ya kuzuia kuganda kabla mafuta hayajaganda. Betri nayo ina uangalizi wake. Aliyechoka nayo hataokolewa na hita.

Hatari zinazoua

Usiache injini ikinguruma ndani ya gereji iliyofungwa, hata kwa dakika chache. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa wamelala. Jiko la mkaa nalo hutoa gesi hiyohiyo.

Na sisi huku nyanda za juu?

Kuanzia Juni hadi Agosti tunaamka na umande ulioganda kwenye majani, na dizeli nyingi huwaka kwa taabu. Lakini baridi yetu haihitaji hita ya bloku. Injini ikisumbua asubuhi, mwambie fundi aangalie betri na vichwa vyake, plagi za kupasha joto ndani ya silinda, na aina ya oili. Kama gari lako lina taa ya hita kwenye dashibodi, subiri izime kabla ya kupiga staata.

Usiwashe moto wala kuweka jiko la mkaa chini ya injini. Oili na dizeli iliyovuja vinashika moto upesi, na trekta la kijiji kizima linaweza kuteketea. Usiweke pia kitambaa chenye petroli wala kupuliza dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa ya injini yenye plagi za joto. Mvuke ule unaweza kulipuka, ukavunja injini au kukuunguza uso.

Mwisho, ukinunua trekta au lori lililotumika Marekani au Kanada ukakuta plagi inaning'inia mbele, usiichomeke ukutani. Hita hiyo ni ya volti 120. Umeme wetu ni wa volti 230, na ukiiunganisha itavuta nguvu karibu mara nne ya ile iliyotengenezewa. Mwite fundi umeme auondoe waya huo au aufunge vizuri, kabla mtoto hajaujaribu.